Kwa nini mtoto atiwe matone kabla ya kupimwa macho?

BARUA

Mheshimiwa Mshauri, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Morogoro nikiwa na wasiwasi ulioninyima usingizi kwa wiki mbili sasa. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 6, yuko darasa la kwanza, na mdogo wake ni msichana wa miaka 3 na miezi 2. Mwalimu wa kijana aliniita shuleni akaniambia kwamba mtoto huanza kazi vizuri asubuhi, lakini ikifika saa tano hufikicha macho, hulaza kichwa juu ya dawati na kuacha kuandika. Nyumbani nami nilikuwa nimeona kwamba jioni hulalamika kichwa kinamuuma juu ya nyusi, nikadhani ni jua au njaa. Nilimpeleka katika duka moja la miwani, akaweka kidevu kwenye mashine, akapimwa kwa kompyuta, na katika muda usiozidi dakika 10 nikaambiwa kwamba haoni mbali na namba yake ni −0.75 kwa macho yote mawili. Miwani ilitengenezwa siku ileile. Mtoto aliivaa siku tatu, na siku ya nne akanirudishia mkononi akasema, "Mama, hii inanichosha." Kichwa nacho kikazidi kumuuma.

Kwa ushauri wa mwalimu nilimpeleka katika kliniki ya macho ya hospitali. Pale walimtia matone mara mbili, yakamchoma, akalia sana, mashavu yakawa ya moto, tukakaa kwenye benchi karibu saa nzima. Kisha mtaalamu akampima kwa kummulikia taa machoni, bila kumuuliza herufi hata moja, na kwenye karatasi akaandika +2.75. Nilishangaa, kwa sababu ni kinyume kabisa cha namba ya kwanza. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba ndivyo ilivyo, dawa hulegeza macho. Foleni ilikuwa ndefu na sikupata nafasi ya kuuliza zaidi. Tuliporudi nyumbani, mama mkwe wangu aliona mboni za mjukuu wake zimetanda jicho zima, mtoto anajikinga uso kwa mikono kila akitoka nje, na hawezi kusoma hata kitabu chake cha shule. Hali hiyo iliendelea mpaka kesho yake jioni. Mama mkwe anasema wamemharibu macho, na kwamba namba iliyopatikana macho yakiwa yamelegezwa kwa dawa haiwezi kuwa namba ya macho yake halisi. Kwa kweli sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa kuna la pili. Binti yangu alianza makengeza miezi michache iliyopita. Si wakati wote. Jicho la kushoto huingia ndani upande wa pua anapoangalia sahani ya chakula au picha zilizo karibu. Daktari alimwona siku ileile akanipa chupa ndogo ya matone ya atropini asilimia 1, nimtie tone moja kila jicho asubuhi na jioni kwa siku 3, kisha nimlete kliniki Alhamisi ijayo. Chupa iko juu ya kabati, sijaifungua. Nina hofu, kwa sababu mtoto huyu alipokuwa na mwaka mmoja na miezi minne alipata degedege kutokana na homa kali, na siku ile kliniki hakuna aliyeniuliza, nami sikukumbuka kusema. Jirani yangu ananiambia makengeza ya mtoto huisha yenyewe akikua. Baba yao, ambaye kazi yake iko mbali, anasema tusubiri.

Naomba unieleze: je, matone haya ni ya lazima? Namba ipi ya kijana ni ya kweli? Yanaweza kuwaachia madhara ya kudumu? Na huyu mdogo nimtie au nisimtie?

Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na lile lisiloweza kungoja. Chupa ya atropini ibaki juu ya kabati hadi utakapokuwa umewaambia wahudumu wa kliniki habari ya degedege. Kama una namba yao ya simu, piga kesho asubuhi; kama huna, nenda wewe mwenyewe bila mtoto, ukaseme maneno haya machache: mtoto wangu ana miaka mitatu, aliwahi kupata degedege la homa, nimepewa atropini ya kutia nyumbani, je, niendelee? Swali hilo halimaanishi kwamba dawa imekatazwa kwake. Linamaanisha kwamba anayeichagua dawa lazima awe na habari hiyo kabla ya kuichagua. Atropini hupunguza jasho, na mtoto asiyetoka jasho mwili wake unaweza kupanda joto. Kwa mtoto ambaye homa ilishawahi kumletea degedege, daktari anaweza kuamua kupunguza idadi ya matone, kubadili aina ya dawa, au kumtilia palepale kliniki ambapo wauguzi wanamwona. Uamuzi huo ni wake, lakini hawezi kuufanya kwa habari asiyokuwa nayo. Nimekuwa muuguzi wa macho kwa miaka mingi, na linaniuma kwamba hukuulizwa. Kila mzazi, kabla ya tone la kwanza, anapaswa kuulizwa kama mtoto ana kifafa au aliwahi kupata degedege, kama ana ugonjwa wa moyo, kama alizaliwa njiti, kama ana hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Down, na kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Mzazi asipoulizwa, aseme mwenyewe, hata foleni ikiwa ndefu kiasi gani.

Sasa nije kwenye swali la mama mkwe wako, kwa sababu ni swali zuri kuliko anavyodhani, nalo ndilo kiini cha jambo lote.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi laini iliyozungukwa na msuli mdogo unaoitwa siliari. Tunapoangalia kitu kilicho mbali, msuli huo hupumzika na lenzi hubaki nyembamba. Tunapoangalia kitu cha karibu, msuli hujikaza, lenzi hunenepa, na picha hukaa sawasawa kwenye pazia la nyuma ya jicho. Sisi watu wazima nguvu hiyo hutupungukia mwaka hadi mwaka, ndiyo maana mtu wa miaka 50 huisogeza simu mbali na uso wake ili asome ujumbe. Mtoto ni kinyume chake. Nguvu ya miwani hupimwa kwa kipimo kinachoitwa dayopta, na mtoto wa miaka 10 anaweza kuiongezea lenzi yake nguvu ya dayopta zipatazo 14, wakati mtu wa miaka 50 amebakiwa na 2 hivi. Mwanao ana hazina kubwa sana ya nguvu hiyo, naye huitumia bila kujua kwamba anaitumia.

Hapo ndipo vipimo vinapopotoka. Watoto wengi huzaliwa na macho mafupi. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, na la mtu mzima hufika 24. Kadiri jicho linavyokua, upungufu huo hujirekebisha kwa watoto wengi. Kwa wengine haujirekebishi wote, na mtoto hubaki na jicho fupi kidogo kuliko linavyotakiwa. Jicho la namna hiyo huhitaji miwani ya kujumlisha, ile yenye alama ya +. Lakini mtoto hajui kwamba ana upungufu, kwa maana msuli wake wa siliari hujikaza mchana kutwa na kuufidia. Akisomeshwa herufi za ukutani atazisoma zote hadi mstari wa chini, na mzazi ataambiwa macho ni mazima. Gharama yake huonekana kwingineko: kichwa kuuma juu ya nyusi, kufikicha macho, kuacha kazi ikifika saa tano. Soma tena barua yako, mwanangu, utaona kwamba mwalimu ameyaeleza yote hayo bila kushika chombo chochote cha kupimia.

Na sasa fikiria mtoto huyo akiweka kidevu kwenye mashine ya dukani. Anachungulia ndani ya kitundu, anaona picha, akili yake inamwambia kwamba picha iko karibu na uso wake, basi msuli unajikaza kwa nguvu zaidi. Mashine nayo husoma kile inachokiona wakati huo: jicho lililokazwa kupita kiasi, ambalo hufanana kabisa na jicho la mtu asiyeona mbali. Ikatoka −0.75. Mashine haikudanganya kwa maana ya kuharibika. Ilipima juhudi za mtoto badala ya kupima jicho lake. Kisha akapewa miwani ya kutoa, ambayo humlazimisha msuli uliokwisha kuchoka ufanye kazi zaidi ya ile uliyokuwa ukiifanya. Alipokuambia "inanichosha," alikuwa anasema kweli tupu, na ninafurahi kwamba ulimsikiliza.

Mwambie mama mkwe hivi, naye ataelewa kwa kuwa amelea. Kliniki ya watoto tunamvua mtoto nguo kabla ya kumtundika kwenye mizani. Hakuna bibi anayesema kwamba uzito uliopatikana mtoto akiwa uchi si uzito wake halisi. Uzito wa mtoto aliyevaa sweta, nepi na viatu ndio tusiouamini. Matone yale huuvua msuli kazi yake kwa saa chache, ili kilichobaki kwenye mizani kiwe ni jicho lenyewe. Kwa hiyo kati ya namba mbili ulizo nazo, ya kuaminiwa ni ile ya +2.75, na miwani ya −0.75 asiivae tena.

Nina nyongeza moja hapa, ili usije ukashangaa mara ya tatu. Namba iliyopimwa kwa matone si lazima iwe ndiyo namba ya miwani. Mtaalamu huangalia umri, malalamiko ya mtoto, na kama kuna makengeza, ndipo aamue ampe yote, ampunguzie kidogo, au asimpe kabisa. Wako watoto wa miaka 6 wenye upungufu mdogo wasiohitaji miwani, maana wanaumudu bila taabu. Lakini mwanao anaumwa kichwa na anaacha kazi darasani, na hayo ni mambo ya kuwekwa mezani. Kama karatasi uliyopewa ina namba ya kipimo tu, rudi uulize waziwazi: hii ndiyo namba ya kutengenezea miwani, au kuna nyingine?

Ulishangaa pia kwamba hakuulizwa herufi. Kifaa kile kinaitwa retinoskopu. Mpimaji hupitisha mwali wa mwanga juu ya mboni, huangalia jinsi mng'ao mwekundu unaorudi kutoka nyuma ya jicho unavyosogea, kisha huweka lenzi moja baada ya nyingine mbele ya jicho mpaka mng'ao huo uache kusogea. Lenzi iliyousimamisha ndiyo inayompa namba. Mtoto hahitaji kujua kusoma, hahitaji kujibu, wala hawezi kukosea kwa aibu au kwa kutaka kumfurahisha daktari. Ndiyo maana hata mtoto wa miezi minne anaweza kupimwa namba ya macho kwa uhakika, jambo ambalo wazazi wengi hawaliamini mpaka waone kwa macho yao.

Kuhusu dawa zenyewe, ziko tatu utakazokutana nazo. Inayotumika zaidi kwa watoto ni saiklopentoleti, na kwa maelezo yako nadhani ndiyo aliyotiwa kijana wako: tone la kwanza, la pili baada ya dakika chache, kisha kungoja dakika 30 hadi 45 au zaidi. Tropikamidi huisha mapema, lakini kwa mtoto mwenye nguvu nyingi za msuli mara nyingi haitoshi ikiwa peke yake. Atropini ndiyo yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayokawia kuisha. Hutiwa nyumbani kwa siku kadhaa kabla ya kipimo, hasa kwa mtoto mdogo mwenye makengeza ya kuingia ndani. Kwa watoto wachanga hutumika dawa iliyopunguzwa nguvu, kwa hiyo chupa ya kaka isitumike kwa mdogo hata kama jina ni lilelile.

Macho yetu meusi yana jambo lake. Rangi iliyo kwenye duara jeusi linaloizunguka mboni huinasa dawa na kuiachia polepole, hivyo dawa hukawia kuanza kazi na hukawia kuondoka. Kwa sababu hiyo mtoto wetu huenda akahitaji tone la ziada na kungoja zaidi kuliko mtoto mwenye macho ya buluu, na ndiyo maana mboni za kijana wako zilibaki wazi mpaka kesho yake jioni. Hilo ni la kawaida kabisa. Tena mboni kupanuka na msuli kulegea ni mambo mawili tofauti, hata kama dawa moja huyafanya yote mawili. Mboni inaweza kuwa imeshapanuka huku msuli bado una nguvu, na mpimaji anayeangalia mboni peke yake atapima mapema mno. Kwa hiyo ile saa moja ya kukaa kwenye benchi, ambayo wazazi huichukulia kama uzembe wa wahudumu, ni sehemu ya kipimo chenyewe. Afadhali ungoje kuliko upimiwe haraka.

Mboni ikiwa wazi hivyo daktari hupata pia nafasi ya kuona ndani ya jicho mpaka nyuma yake. Huko ndiko anakotafuta mtoto wa jicho, makovu, na uvimbe wa saratani ya jicho ambao mara nyingine wazazi huuona kwanza kama weupe ndani ya mboni kwenye picha iliyopigwa kwa flashi. Mzazi yeyote akiuona weupe huo asingoje miadi. Aende siku hiyohiyo.

Umeniuliza kama matone haya huacha madhara ya kudumu. Yakitiwa kwa kipimo sahihi, kazi yake juu ya jicho huisha yote: saiklopentoleti kwa kawaida ndani ya siku moja, mara nyingine mbili, atropini huchukua wiki moja hadi mbili. Hayaongezi namba ya macho wala hayalifanyi jicho kuwa tegemezi. Kuchoma kwake ni kweli, huchukua chini ya dakika moja hivi, na baadhi ya kliniki hutia kwanza tone la ganzi ili kupunguza kuchoma huko. Una haki ya kuliomba. Mwanga humsumbua mtoto kwa sababu mboni imesahau kwa muda kujifinya, na kitabu hakisomeki kwa sababu msuli wa kulenga karibu umepumzishwa. Ungeambiwa hayo kabla, ungeondoka na kofia ya ukingo mpana, usingepanda bodaboda naye jua la saa saba likimpiga usoni, na mama mkwe asingeshtuka alipomwona. Siku ya namna hiyo mtoto asiendeshe baiskeli, asivuke barabara bila kushikwa mkono, na mwalimu aandikiwe kwamba kesho yake hataweza kusoma wala kuandika vizuri.

Yapo madhara mengine yanayotokana na dawa kuingia mwilini, na haya lazima uyajue kabla ya kumtia binti yako, ikiwa kliniki itakuruhusu. Tone linalozidi jicho hushuka kwenye kijitundu kilicho kwenye kona ya ndani, hupita puani, na kutoka huko dawa huingia kwenye damu. Mtoto anaweza kupata joto usoni, mdomo mkavu, moyo kwenda mbio, kusinzia, au kinyume chake kuhangaika. Mara chache huweweseka, huongea yasiyoeleweka, au hupepesuka anapotembea. Uso wa moto peke yake, mtoto akiwa anacheza kama kawaida, hauogopeshi, lakini uwaambie kliniki kabla ya kutia tone linalofuata. Homa, kuweweseka, mapigo ya moyo ya kasi sana au kupepesuka ni sababu ya kuacha dawa mara moja na kumpeleka hospitali ukiwa na chupa mkononi, ili wajue alichotiwa.

Kuhusu homa niseme zaidi, kwa sababu tunaishi nchi yenye malaria. Mtoto aliye kwenye atropini akipata joto, wazazi wengine husema ni dawa tu, wakamwacha. Wengine husema ni malaria, wakaendelea kutia matone. Yote mawili ni hatari. Simamisha matone, mvue nguo nzito, mweke penye hewa, mpe maji ya kunywa, kisha apimwe malaria kama mtoto mwingine yeyote mwenye homa. Na kama siku ya kuanza matone tayari ana mafua au joto, usianze kabisa, ahirisha miadi.

Namna ya kutia nayo ina uzito wake. Nawa mikono. Mlaze mtoto chali, kichwa kwenye mapaja yako, umvute taratibu kope ya chini na kudondosha tone moja kwenye kijifuko kinachofunguka, bila ncha ya chupa kugusa jicho. Akifumba macho kwa nguvu, usipigane naye: dondosha tone kwenye kona ya ndani macho yakiwa yamefumbwa, ukae kimya, naye akifumbua litaingia lenyewe. Mara tu likiingia, bonyeza kwa kidole ile kona ya ndani, pale ngozi inapokutana na mfupa wa pua, kwa dakika moja au mbili, na ufute kilichomwagikia shavuni kwa kitambaa safi. Kubonyeza huko hupunguza sana dawa inayoingia mwilini, na kwa mtoto mdogo ni bora kuliko maelezo yote niliyokupa. Ukilikosa jicho na huna hakika kama tone limeingia, usirudie mara nyingi. Moja la pili linatosha. Kisha nawa tena, na umnawishe naye mikono, kwa sababu ukijigusa jicho ukiwa na atropini kidoleni mboni yako mwenyewe itakaa wazi siku kadhaa.

Chupa irudi juu ya kabati kila baada ya kutia, tena kabati lenye kufuli kama unalo. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita 1, kwa hiyo chupa ya mililita 5 ina miligramu 50, kiasi ambacho mtoto akikinywa kinaweza kumuua. Kaka yake wa miaka 6 anafika mbali akipanda kiti. Baada ya kipimo, dawa iliyobaki irudishwe kliniki. Usimpe jirani, wala usiihifadhi kwa ajili ya macho mekundu ya siku nyingine. Naona watu wengi wakinunua matone yoyote katika duka la dawa na kuwatia watoto, wengine wakitia maziwa ya mama au maji ya majani, na baadhi ya watoto hao hufika kwetu wakiwa na kidonda kwenye kioo cha jicho.

Imebaki habari ya makengeza na ushauri wa jirani. Hapa nasimama upande wa daktari wako bila kusita. Makengeza yaliyoanza karibu na miaka mitatu, ya jicho kuingia ndani mtoto anapoangalia vitu vya karibu, mara nyingi hutokana na jambo lilelile tulilolizungumza kwa kaka yake. Mtoto hukaza msuli ili aone, na kwa maumbile kukaza huko huambatana na macho kuelekea puani. Upungufu ukiwa mkubwa, jicho moja huvutwa kupita kiasi. Kwa watoto wa namna hii miwani yenye namba kamili hulirudisha jicho mahali pake, wakati mwingine moja kwa moja, bila upasuaji. Lakini mara nyingi namba kamili haipatikani bila dawa yenye nguvu, ndiyo sababu amepewa atropini badala ya ile aliyotiwa kaka yake. Ukiona kaka ana +2.75 na dada ana makengeza ya aina hii, si ajabu wote wawili wakawa wamerithi jicho fupi.

Kusubiri kuna gharama ambayo haionekani usoni. Jicho linaloingia ndani hutoa picha isiyolingana na ya mwenzake, na ubongo wa mtoto, ili usione mbilimbili, huizima picha hiyo. Ukiizima muda mrefu, njia ya kuona ya jicho hilo haikui. Ndilo tunaloliita jicho vivu. Likitibiwa katika miaka ya mwanzo, kwa miwani na kwa kuliziba lile zima kwa saa kadhaa kila siku, hupata nafuu kubwa. Baada ya miaka 7 au 8 kazi huwa ngumu zaidi, na kwa baadhi haikamiliki. Jirani yako ana haki kwa kiasi kimoja tu: mtoto mchanga wa wiki chache macho yake huweza kupishana kisha yakatulia. Wako ana miaka mitatu. Mwambie baba yao kwamba hatumharakishi bure, na kwamba kubadili dawa au kusogeza miadi kwa wiki moja kwa sababu ya degedege ni sawa, ila si kuiacha mpaka mwakani.

Mwisho, siku utakayokwenda, mchukue mama mkwe wako. Aingie naye chumbani, mtoto akae mapajani mwake, na umwombe mpimaji amwonyeshe ule mng'ao mwekundu unavyosogea na unavyosimama lenzi inapowekwa. Ombi hilo halichukui dakika mbili, na sijawahi kumwona mpimaji mwema akilikataa. Beba kofia mbili, ya binti na ya kijana, kwa kuwa huenda naye akatakiwa kurudiwa.